Mama Alioga kwa Ajili Yako

Kaka yangu,

Keza amechukua kalamu yangu sasa hivi, nilipogeuka kidogo kutazama maharage jikoni. Niliporudi nikamkuta amekaa sakafuni, gauni amelipandisha mpaka kidevuni, amejichora msalaba mmoja chini ya kitovu na mwingine ubavuni. Nikaleta kitambaa chenye maji. Akafunika tumbo kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa yale macho makubwa ya mama yetu, akapiga kelele: "Usioshe, mama! Muganga amesema usioshe!"

Nikakiweka kitambaa chini, nikakaa naye hapo hapo. Kalamu nimemnyang'anya, ndiyo hii ninayokuandikia. Wino mwingine umebaki tumboni mwake, na mpaka sasa sijauosha.

Nakuaga hapa juu kabisa, mapema, maana mtu mwenye mtoto mdogo hamalizi barua, tena leo kuna mgonjwa ninayemsindikiza Kigali, saa yoyote ataniita. Donc, yaani basi, kaka, ubaki na amani, ule vizuri, ujifunike na hiyo baridi ya Ubelgiji. Ni mimi dada yako, Mama Keza. Bon. Hilo limekwisha, sasa nikuambie yaliyo moyoni.

Karatasi hii nitaipiga picha niiweke kwenye WhatsApp ya familia, kila mtu aisome. Nimechoka kukuandikia wewe peke yako. Nikikuandikia peke yako unasoma, halafu unanyamaza. Nikipiga simu, unasema uko kwenye mgonjwa. Na mi nifanye nini hapo? Naweza kumwonea wivu mgonjwa? Lakini kaka, nakuambia ukweli, nimewaonea wivu wagonjwa wako wa huko. Nimewaonea wivu sana.

Unakumbuka siku ulipotueleza kazi unayokwenda kusomea? Mama alikuwa amerudi barrière, pale mpakani kati ya Gisenyi yetu na Goma wanapouzia, na kapu la nyanya zilizobaki, amechoka, miguu ameiweka kwenye beseni. Mi nilikuuliza kwa nini usome tena, si we ni daktari tayari, si una koti jeupe tayari? Ukacheka. Ukafunga dirisha na pazia, ukachukua kitunguu kimoja ukakizika katikati ya kapu la nyanya, ukawasha tochi ya simu.

"Kitunguu ndicho kansa," ulisema. "Nyanya ni mwili wa mtu. Nikimulika upande huu peke yake, nitaunguza nyanya za upande huu. Donc namulika kidogo huku, kidogo kule, kidogo juu, zote zinakutana kwenye kitunguu. Kila nyanya inapata kidogo. Kitunguu kinapata yote."

"Na nyanya haziivi?" mama akauliza.

"Zinapata joto, mukecuru," ukamjibu, ukimwita bikizee kama kawaida yako, "lakini zinapona. Kuchoma si kazi yangu, mashine inachoma. Kazi yangu ni kujua nisiguse nini. Njo hiyo inaomba miaka ya masomo."

Kesho yake mama aliwaambia wanawake wote wa barrière, wale wa karoti, wale wa sambaza, vidagaa vya ziwani, mpaka askari wa kupekua mizigo: "Mutoto wangu iko anaenda kujifunza kupika kitunguu ndani ya nyanya, na nyanya hazitajua kitu!" Wakacheka mpaka mizigo ikaanguka. Mama Furaha, yule jirani yetu wa karoti za Cyanzarwe, akamwambia, "We mama, hata kupika chai bado hajui, utamwachia kitunguu?" Mama akasema, "Chai ni ya dada yake. Yeye ni wa vitunguu."

Halafu siku ya kukuaga. Tulijaza viti vya jirani uani, watu wa Nyundo walikuja, watu wa Goma walivuka asubuhi. Ulisimama na Fanta mkononi, hukuwa umezoea kusema mbele ya watu. Ukasema nchi nzima ina madaktari wa mionzi wa kuhesabika, na mgonjwa anaweza kufika mbele ya mashine akakosa mtu wa kumpangia tiba. Ndipo ukasema: "Nikirudi, hakuna mama wa Gisenyi atakayengoja."

Mama akapiga impundu, vile vigelegele vyetu, kabla hujakaa. Mi nilikuwa na Keza tumboni siku ile, na mtoto akaruka. Nimeyashika maneno hayo, kaka. Hukuyasema peke yako na mimi jikoni, uliyasema mbele ya watu na soda mkononi. Kwetu mtu aliyesema hivyo amesema.

Miaka ya kwanza ulikuwa unapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Siku moja mama akakuuliza, "Leo ulifanya nini?" Ukasema, "Nimechora tu, mukecuru. Siku nzima." Ukatuonyesha kwenye simu: picha ya ndani ya tumbo la mtu, nyeusi na nyeupe, na mistari ya rangi. Kibofu umekizungushia njano. Utumbo, kahawia. Ugonjwa wenyewe, nyekundu. Ukasema mwalimu wako anaufuta mstari mzima ukikosea hata kwa unene wa kucha, unaanza upya. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Tumemutuma kusoma udaktari, kumbe anachora kama watoto wadogo wa maternelle!" Lakini ulipokata simu, alichukua kidole chake akakizungusha polepole juu ya tumbo lake, kama mtu anayetafuta mahali.

Leo najiuliza kama alikuwa tayari anajua. Hakumwambia mtu. Damu ilimtoka akaificha, akawa anafua nguo zake mwenyewe mapema kabla hatujaamka. Tulipokuja kujua, hospitali walikuwa wameishasema ni kansa ya shingo ya kizazi. Nikakupigia simu nikilia. Na hapa sitakunyima haki yako: ulisimama. Uliongea na daktari wa hapa Gisenyi, ukaongea na wa Kigali, ukaniambia, "Usilie, hii ndiyo ninayosomea, hii inatibika, wamwanzie mionzi haraka." Ukalia na wewe. Nilikusikia.

Tukaenda Kigali. Chumba kile cha mashine kina baridi, kaka, mama aliniuliza kama ndiyo Ubelgiji yenyewe. Aliyempokea alikuwa daktari mdogo, dada mwembamba wa miwani, na yeye bado anajifunza, kama wewe, ila yeye anajifunzia hapa. Wakamlaza mama, wakampiga picha, wakamchora misalaba ya wino chini ya kitovu na kwenye nyonga zote mbili. Yule dada akamshika mkono, akamwambia, "Mama, mashine inafuata hii alama kila siku. Usioshe hapa. Jipanguse kwa kitambaa pembeni, lakini hapa usiguse."

Mama yetu! Mama aliyekuwa anaoga asubuhi kabla ya kwenda barrière na jioni akirudi, hata mvua inyeshe, hata maji yawe barafu. Mama aliyetupiga sisi zaidi kwa sababu ya shingo chafu kuliko kwa sababu ya uongo. Sasa aende kwenye mionzi na arudi, siku baada ya siku, bila kuoga mwili mzima. Tulikaa kwa binamu wa Baba Keza kule Kigali, mi nilikuwa nampangusa kwa kitambaa nikizunguka misalaba, na yeye anageuza uso ukutani. "Ninanuka kama sambaza ya juzi," alikuwa anasema. "Munanivumilia tu." Namwambia, "Hunuki, mama." Ananijibu, "We ni mutoto wangu, pua yako haihesabiki."

Lakini alivumilia. Alikuwa anawaambia wagonjwa wengine pale kwenye benchi, "Hii kitu mutoto wangu njo anasomea. Bado kidogo anakuja." Na tiba ilikuwa inaenda vizuri. Damu ilikata. Alianza kula.

Halafu ukatuma sauti. Ninayo mpaka leo kwenye simu, sijaifuta, siisikilizi. "Mukecuru, nimepata ruhusa. Jumamosi niko Gisenyi. Nitakuona kwa macho."

Mwisho wa wiki mashine inapumzika, wewe unajua kuliko mimi. Mama akasema tunarudi nyumbani, utamkuta kwake na si kwa watu. Ijumaa tukapanda gari ya agence, basi la abiria. Njia nzima alikuwa anapanga: isombe, kisamvu chako, itapikwa na nani, utalala wapi, avae umushanana upi, vazi lake la sherehe. Jumamosi asubuhi nikamfunga Keza mgongoni nikaenda sokoni kutafuta samaki wako. Nilipotoka tu, mama akamwita Mama Furaha, wakapanda moto mbili, pikipiki za kukodi, mpaka Nyamyumba, kule kwenye chemchemi ya maji ya moto.

Unayajua maji yale. Tulipokuwa watoto ulikuwa unachemshia ndani yake viazi. Mtu akiumwa mgongo anapelekwa kule, mtu akitoka kujifungua anapelekwa kule, anakaa ndani mpaka shingoni, wanamsugua. Mama alikaa. Alijisugua kwa jiwe na sabuni, Mama Furaha akamsugua mgongo. Mama Furaha aliniambia baadaye kwamba mama alikuwa anaimba.

Nilimkuta amerudi, amekaa uani kwenye jua, anang'aa mafuta, amevaa umushanana wa kijani, ule wa harusi yangu. Akanyoosha shingo. "Nusa," akasema. Nikanusa. "Ninanuka nini?" Nikasema, "Sabuni." Akafurahi kama msichana. "Njo vile. Mutoto wangu anatoka mbali vile, akinikumbatia asikute mama ananuka ugonjwa."

Mama hakuwa mjinga, kaka, usije ukafikiri hivyo. Neno la muganga alilijua. Lakini kwetu mgeni hapokelewi na uchafu, na wewe ulikuwa zaidi ya mgeni. Nafikiri kichwani mwake hayo mawili hayakukutana. Au nafikiri alisema: huyu anayekuja ni mwenye kuchora, alama zikifutika atachora tena.

Tulikungoja. Isombe ikapoa, tukaipasha, ikapoa. Kila moto iliyopita barabarani, mama ananyanyuka kidogo kwenye kiti. Jua likiwa linaingia ziwani, simu ikalia, maandishi tu: mwenzako ameugua, wamekupa zamu yake, mkuu wako hakuweza kukuachia, tukusamehe, utapanga tena.

Nikasoma kwa sauti. Mama akauliza, "Amesema zamu?" Nikasema ndiyo. Akakaa. Akasema, "Njo kazi. Kama ni mutu wa kuacha wagonjwa, angekuwa muganga gani?" Akavua umushanana mwenyewe, akaukunja vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani. Isombe yako akasema nimpelekee Mama Furaha. Yeye hakula.

Ni Jumapili, nilipokuwa namsaidia kubadili nguo, ndipo nilipoona tumbo lake safi. Safi kabisa, kama la Keza.

Jumatatu kule Kigali kijana wa mashine akafunua shuka, akatazama, akafunua tena. "Mama, alama ziko wapi?"

"Nilioga," mama akasema. "Mutoto wangu alikuwa anakuja."

Wakamwita yule dada wa miwani. Nilifikiri atagomba, hakugomba. Akauliza, "Mtoto wako ndiye nani?" Mama akajinyoosha pale kitandani, hata bila nguo alijinyoosha, akasema, "Iko Ubelgiji. Anasomea hii hii ya kwenu."

Yule dada akakunja midomo. "Mama, huyo tunamngoja," akasema. "Tunamngoja sana."

Halafu akatueleza, polepole, na mi nikaelewa ingawa masomo yangu ni ya kuokoteza. Bila ule wino mashine haikuwa na cha kufuata. Ilibidi kupiga picha upya, kuchora upya, na mpango mpya lazima utiwe sahihi na daktari bingwa. Yeye anaruhusiwa kuchora, lakini kutia sahihi bado, maana anajifunza. Bingwa wake alikuwa safarini. Bingwa mwingine alikuwa na wagonjwa waliojaa korido mpaka nje, na kila mmoja wao alikuwa mama wa mtu.

Tukangoja. Nataka uisikie hii vizuri, wewe uliyesimama na Fanta. Mashine ilikuwa pale. Umeme ulikuwapo. Mama alikuwapo, amelala na koti langu miguuni. Aliyekosekana ni mtu.

Walipomwanzia tena, damu ilikuwa imerudi. Alimaliza mionzi yote, kila siku aliyopangiwa alienda, na misalaba aliilinda kama yai. Lakini ugonjwa ulikuwa umeishaamua. Nilimuuliza yule dada kama ni kwa sababu ya zile siku za katikati. Hakunidanganya wala hakunihukumu. "Hatuwezi kujua," alisema. "Ila sisi tukipumzika, kansa haipumziki." Donc sisemi umemuua mama. Watakaosoma hii kwenye simu zao wasije wakasema Mama Keza amemsingizia kaka yake. Nasema tu mama alioga kwa ajili yako, na hukuja.

Hata mazishi uliyaona kwenye simu. Mi ndiye nilikuwa nimeshika. Watu wanatupa udongo, na wewe unaniambia, "Inua kidogo, sioni." Nikainua. Mkono uliniuma wiki nzima.

Sasa umemaliza. Tuliona picha, koti jeupe na kofia ile ya pembe nne, shangazi zetu wakakujazia mioyo na maua. Na mi nilituma moyo. Nilifurahi kweli, nilimwonyesha Keza, "Tazama mjomba, mjomba wa vitunguu." Ndipo ukaandika kwamba umetia sahihi ya kazi huko huko. "Nijifunze zaidi kidogo, kisha nitarudi." Hilo "kisha" nimelitafuna, kaka, kama isombe isiyoiva.

Sijui sababu zako zote. Labda huko mashine ni nzuri zaidi. Labda kuna mtu unayempenda, basi mlete, tutampikia. Labda unaogopa kuingia nyumba hii na kiti cha mama kipo. Na mi nakiogopa. Lakini wanawake wa barrière hawajui kuogopa kwako. Wananisimamisha na makapu kichwani, "Mama Keza, muganga wetu anafika lini?" Najibu, "Karibu." Na unajua nini? Nikishasema, naamini. Nimejaribu kutoamini, moyo wangu umekataa. Naona kabisa unashuka pale gare, kwenye stendi ya mabasi, na begi, umenenepa kidogo, unalalamika vumbi.

Mgonjwa ninayemsindikiza leo ni Mama Furaha. Ndiyo, yule yule wa chai. Ni kansa ile ile ya mama. Ameanza mionzi, anarudi mwisho wa wiki kulala kwake, na kila Jumamosi mi ndiye nampangusa, kwa sababu ameapa hatashika maji yeye mwenyewe, mikono yake haiamini tena. Aliyemsugua mama mgongo ni yeye. Hasemi, lakini nikizungusha kitambaa kwenye ile misalaba anafumba macho na machozi yanatoka. Keza anakaa mlangoni anatuangalia. Anamwambia, "Usilie, Mama Furaha, haturuhusiwi kuosha tu." Sasa umejua msalaba wa tumboni mwake unatoka wapi. Watoto wa wenzangu wanacheza kupika na kubeba wanasesere. Wangu anacheza hiyo.

Yule dada wa miwani bado anajifunza, karibu naye atamaliza. Juzi aliniuliza habari zako. Nikamwambia umenenepa.

Subiri. Mama Furaha ananiita kutoka barabarani, amesimama na mfuko wake. "Mama Keza! We mama! Gari ya agence iko inatuacha, ulisha kuoa hiyo kalamu?" Unamsikia? Mgonjwa, lakini mdomo ni ule ule. Nakuja, Mama Furaha, neno moja tu!

Kaka, siku utakayoamua kurudi, nakuomba, usitutumie sauti. Usiseme Jumamosi, usiseme siku yoyote. Njoo tu, ufungue mlango, utukute tulivyo. Maana hapa kwetu ukisema unakuja, watu wanakuamini, wanachukua sabuni na—